Sapatu

Dukani kwa Feliciano Lazaroo, Ujong Pasir, Melaka,
hunuka gundi, na kamba wanaokaushwa nyumba ya pili.
Juu ya mlango, kwa rangi nyeupe iliyochuruzika kwenye U:
SAPATU.
Basi. Si "hushonwa hapa", si "bei nafuu".

Ni letu, alisema. Lilishuka pwani hii na babu wa babu,
Mreno mwenye upanga na harara shingoni.
Lilishuka miguuni mwake.
Ngozi ilipooza, likabaki midomoni mwetu.

"Lenu?" Selvanayagam alicheka, karani mstaafu wa reli,
mguu mmoja umo ndani ya soksi iliyotoboka, akingoja kisigino.
"Mama yangu, Jaffna, alisema *sappattu*
kabla hajasikia kuna mji uitwao Melaka."

Na Wagiyem, aliyetoka Java kulea watoto wa watu,
akaweka mezani viatu vya shule visivyo vya mwanawe,
akasema bila kuinua macho: *sepatu*.
Lile ua jekundu uani kwenu, lililotoa ulimi,
kwetu ni ua la sepatu.
Bibi aliliponda, akasugulia ngozi
mpaka ikang'aa nyeusi. Kiwi tungenunua kwa nini?

Feliciano hakujibu. Alikuwa na misumari mdomoni.

Mwezi wa Julai akaja Benedita, mtafiti kutoka Coimbra,
na kinasa sauti, na kandambili iliyong'oka ukanda.
Akalifuata neno kwa kidole juu ya meza, kwenye vumbi la ngozi:
Hispania ni kiatu cha heshima.
Ufaransa ni kuukuu, kilichopondwa nyuma, cha kuburuza,
na pia ni teke.
Italia kimeingia tanuri, kimetoka mkate bapa.
Magharibi ya Waarabu wanalo, Waturuki wana la kufanana nalo,
na Wabaski wanalitamka kana kwamba wamelizaa.

"Na mwanzo wake?"

"Haujulikani. Wapo wanaobishana.
Nyayo zinakwenda, zinakwenda, halafu zinafika majini."

Feliciano akaitema misumari kiganjani, mmoja mmoja.
"Ndege mbili umepanda kuja kuniambia hujui?"
Akamtoza ringgiti nane. Ukanda ulikuwa wa tatu.

(Nawe, msomaji, usicheke. Fungua kamusi yetu, herufi S.
Limekaa humo, kimya, karibu na mlango,
kama mgeni asiyejua kama anaruhusiwa kuvua.
Tulikuwa na kiatu, tulikuwa na mtalawanda wa mti.
Hili tulilipewa, au tuliliokota?)

Mwaka uliofuata sukari ilimpanda Feliciano,
ikachukua mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti.
Aliporudi dukani kwa magongo, rafuni palikuwa na jozi kumi na tano
ambazo wenyewe hawakuzifuata.
Akamwambia bintiye, "Olinda, nipe sapatu."

Sasa, neno hili halihesabu.
Kiatu huwa viatu; sapatu moja ni sapatu, mbili ni sapatu,
kwao na kwetu.
Olinda alisimama na jozi nzima mkononi, ile ya kanisani,
na hakukuwa na namna ya kuuliza
ambayo isingemkata baba yake.

Alizipokea zote mbili.
Ya kulia akaivaa, akafunga kamba, akaifunga tena.
Ya kushoto akaitazama ndani,
kule ambako kisigino chake kilikuwa kimechimba bakuli,
akaimiminia misumari ya nusu inchi,
akaiweka mezani, upande wa mkono.

Hapo ndipo ilipo.
Selvanayagam akaingia, akaiona, akafungua mdomo,
akaufunga.
Mwishowe: "Kisigino changu je?"

"Kesho," alisema Feliciano.